Upepo ulichukua paa Aprili, ripoti ya mkadiria hasara haijatoka mpaka leo

SWALI

Shikamoo Mzee Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini, naishi Mtanda. Nyumba yetu tuliijenga kidogo kidogo mimi na mume wangu, tukaezeka mwaka 2011. Baadaye mume wangu alichukua mkopo wa biashara benki, nyumba ikawa dhamana, na benki hiyo hiyo ikatukatia bima. Kila mwaka hela ya bima inakatwa kwenye akaunti, sisi tunaona meseji tu. Nilichonacho ni karatasi ya ukurasa mmoja inayosema nyumba imekatiwa bima ya moto na majanga mengine, dhoruba ikiwemo, kwa shilingi milioni 45.

Aprili usiku ulivuma upepo na mvua kubwa kutoka baharini. Upande wote wa paa unaotazama bahari uling'oka, mabati na papi zake, kenchi mbili zikavunjika, na dari ya jipsamu ya sebule na vyumba viwili ikashuka yote. Si sisi peke yetu. Jirani wa nyuma aliezuliwa jiko, na mtaa wa pili banda la mashine ya kusaga lililala chini.

Asubuhi niliipigia benki. Benki wakasema piga bima. Bima wakanipa fomu ya madai, nikajaza, wakasema mkadiria hasara atakuja kutoka Dar es Salaam. Tulikaa chini ya turubai, watoto nikawapeleka kwa bibi yao Mingoyo. Alipofika hakumaliza hata saa moja. Alipiga picha, akachokonoa kenchi kwa bisibisi, akaniuliza habari za mchwa, akaondoka.

Tangu hapo nikimpigia ananitajia karatasi mpya. Kwanza alitaka BOQ ya fundi, yaani orodha ya vifaa na gharama za ukarabati, nikampelekea. Akataka risiti za mabati ya 2011. Nani anatunza risiti za bati miaka yote hiyo? Akataka kibali cha ujenzi. Sasa anataka hati ya nyumba, na hati iko benki! Nikiwauliza bima wanasema wanasubiri ripoti. Nikimuuliza yeye anasema ripoti haijakamilika kwa sababu mimi sijakamilisha.

Kwa simu ameniambia mambo matatu. Kwamba mbao zilikuwa na mchwa. Kwamba nimeezeka kwa bati la geji 28 wakati la zamani lilikuwa geji 30, hivyo atakata laki tisa. Na kwamba nyumba ina thamani ya milioni 75, bima ni ya milioni 45, kwa hiyo nitalipwa sehemu tu. BOQ yetu ni milioni 12, lakini anasema nitegemee kama milioni sita baada ya makato yote, pamoja na asilimia 10 ninayobeba mwenyewe. Hiyo milioni 75 ameitoa kwenye ripoti ya tathmini ya benki ya wakati wa mkopo. Nakala ninayo, imeandikwa jengo milioni 60 na kiwanja milioni 15.

Agosti tulikopa kwenye kikoba tukaezeka, ila dari bado. Mabati ya zamani mengine yamerundikwa uani, mengine nimezibia banda la kuku. Kuna kijana mjini anasema anawajua watu wa bima, nikimpa moja ya tano ya malipo atalisukuma faili. Mume wangu yuko Tandahimba anajiandaa na msimu wa korosho, anasema tuchukue hiyo sita tuachane nao kabla mvua hazijaanza Novemba.

Je, mtu huyu ana mamlaka ya kukata nusu ya haki yangu? Na nani wa kumlazimisha amalize?

Mwalimu, Mtanda, Lindi

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Poleni sana, wewe na wanao.

Nianze na swali lako la mamlaka, maana ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa. Mkadiria hasara hana mamlaka ya kukupa wala kukunyima. Ameajiriwa na kampuni ya bima kwa kazi hiyo, anapewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na kazi yake ni kuangalia kilichotokea, kupima hasara, kisha kuandika ripoti yenye mapendekezo. Anayekubali au kukataa dai ni kampuni. Mkataba wako ni na kampuni. Kwa hiyo "tunasubiri ripoti" si jibu la kukurudisha kwenye simu ya mkadiria. Ripoti ni yao, wameiagiza wao, na mtu wao akichelewa ni wao waliochelewa.

Lakini kuna sababu ya wao kutokuwa na haraka, na sababu hiyo iko kwenye barua yako mwenyewe. Karibu kila kitu umekisema na umejibiwa kwa simu. Utaratibu wa bima hapa nchini unaitaka kampuni ilipe fidia ndani ya siku 45, ila siku hizo zinaanza kuhesabiwa nyaraka za dai zikikamilika. Sasa fikiria mwenyewe: kila akikutajia karatasi mpya, nyaraka zako zinakuwa hazijakamilika tena, na siku hazijaanza kuhesabiwa. Sisemi anafanya makusudi. Wengine ni mzigo wa kazi tu: mtu mmoja wa Dar ana mafaili ya Mbeya, ya Tanga na ya huku kwetu, na faili linaloguswa ni lile lililopigiwa kelele asubuhi hiyo. Kwako matokeo ni yale yale. Dawa ni kuifunga orodha ya nyaraka kwa maandishi, ili siku zianze.

Wiki hii andika barua kwa kampuni ya bima, kwa meneja wa madai. Nakala moja kwa mkadiria, moja kwa meneja wa tawi la benki. Itume kwa barua pepe, halafu ipeleke na karatasi kwenye ofisi yao iliyo karibu au kwa wakala wao, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Usiandike kwa hasira. Andika hivi, ubadilishe panapohusika:

"Narejea dai langu namba (…) la hasara ya dhoruba ya tarehe (…) Aprili. Hadi leo nimewasilisha fomu ya madai, picha za uharibifu, BOQ ya fundi, risiti za ukarabati wa Agosti, na nakala ya ripoti ya tathmini. Hati ya nyumba inashikiliwa na benki kama dhamana. Naomba muipate kwao, na kwa barua hii nairuhusu benki iwape nakala. Risiti za mwaka 2011 sinazo. Kama kuna waraka mwingine wowote unaohitajika, naomba nitajiwe yote kwa pamoja, kwa maandishi, ndani ya siku saba. Nisipopata orodha hiyo nitachukulia kwamba nyaraka zangu zimekamilika kuanzia tarehe ya barua hii. Naomba pia nakala kamili ya mkataba wa bima pamoja na masharti yake yote, na nakala ya ripoti ya mkadiria au angalau hesabu aliyoitumia."

Ule mstari wa "sinazo" ni muhimu kuliko unavyoonekana. Watu wengi wakiulizwa karatasi wasiyokuwa nayo hunyamaza wakiendelea kuitafuta, na ukimya huo kwenye faili unasomeka "mdai hajajibu". Ukisema sinazo, umejibu. Hakuna bima yenye akili itakayoangusha dai la paa kwa sababu ya risiti ya bati ya 2011; bati lenyewe liko uani kwako, na fundi yeyote akilishika atakwambia ni geji gani. Kibali cha ujenzi kama unacho toa nakala. Kama huna, sema vilevile.

Simu msiache kabisa kuongea, hapana. Ila kila mkimaliza kuongea, mtumie meseji fupi: "Nimekuelewa kwamba umesema hivi na hivi, kama nimekosea nirekebishe." Ukifanya hivyo, mazungumzo yenu yanakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna anayeweza kuikana.

Sasa tuje kwenye hoja zake tatu. Nitaanza na ile utakayoshindwa.

Kwenye bati yuko sahihi. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya upepo, haikupandishi daraja. Nyumba ilikuwa na geji 30, ukaweka 28 ambalo ni zito na ghali zaidi. Ulifanya vizuri kwa nyumba inayotazama bahari, hata mimi ningeweka, lakini tofauti hiyo ni ya kwenu. Mwachie laki tisa zake, tena mwandikie kwamba umekubali. Mdai anayekubali pale asipo na haki anasikilizwa zaidi pale alipo nayo, na anayebisha kila kitu faili lake linasogezwa chini ya mengine. Angalia tu hizo laki tisa zimetokana na bei zipi. Aonyeshe bei ya bati moja la 28 na moja la 30, hapa Lindi au Mtwara, si bei ya Kariakoo.

Mchwa ni habari tofauti, na hapo usilegee. Mikataba mingi ya nyumba hailipi uharibifu wa mchwa wala uchakavu, hilo ni kweli. Lakini mchwa hawaangushi paa usiku mmoja pamoja na jiko la jirani na banda la mashine mtaa wa pili. Wewe kazi yako ni kuonyesha kwamba kulikuwa na dhoruba na kwamba dhoruba ndiyo iliyoharibu. Kampuni ikitaka kujificha nyuma ya sharti la mchwa, kazi ya kuthibitisha kwamba chanzo ni mchwa ni yao. Kwa hiyo kusanya ushahidi wa upepo. Pata barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, ikitaja tarehe na nyumba nyingine zilizoathirika. Pata picha za majirani, hasa zile za asubuhi yake zilizoko kwenye simu zao zikiwa na tarehe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za upepo na mvua kwa anayeziomba rasmi. Omba za tarehe ile. Na kama mafundi wameacha kipande cha kenchi iliyovunjika, kitunze ndani pasipolowa. Mbao iliyovunjwa na nguvu inachanika nyuzi ndefu, na ile iliyoliwa inamong'onyoka kama unga. Mkadiria anajua tofauti hiyo. Ndiyo maana alikuja na bisibisi.

Akisisitiza mchwa, mwombe aandike kwenye ripoti ni kenchi ipi, sehemu gani, na picha namba ngapi. Na hata ikithibitika kwamba kenchi moja ilikuwa imeguswa, hilo linaweza kupunguza gharama ya kenchi hiyo. Halifuti dari ya vyumba vitatu.

Mabati ya banda la kuku nayo ni ushahidi, Mwalimu. Usiwasumbue kuku, ila yapige picha yalipo, uyahesabu pamoja na yale ya uani. Kampuni ina haki ya kuyachukua masalia au kuyakata kwenye malipo kwa thamani yake. Ukiyauza leo bila kuwaambia utawapa neno la kusema. Na kuezeka Agosti bila kusubiri ripoti hakukuharibii kitu, maana yeye alikuwa ameshakagua, na mkataba wenyewe unakudai uzuie hasara isiendelee. Turubai na hela ya kulifunga viingie kwenye dai kama risiti zipo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye hela, na hapa naomba uchukue kalamu.

Hesabu ya kukata kwa uwiano ipo kwenye mikataba karibu yote ya majengo. Ukikatia bima ya kiasi pungufu ya thamani, unahesabiwa kwamba sehemu iliyobaki umejibebea mwenyewe, hata kwa hasara ndogo. Si dhuluma, ni sharti, na linawakuta sana watu wa mikopo, kwa sababu benki hukata bima ya kulinda deni lake, si ya kulinda nyumba nzima. Nadhani milioni 45 yenu imetoka hapo hapo, kwenye kiasi cha mkopo.

Yeye amefanya hivi. Kachukua milioni 12, akatoa laki tisa, ikabaki 11,100,000. Akagawa 45 kwa 75, akapata asilimia 60, ikawa 6,660,000. Akatoa asilimia 10 unayobeba, yaani 666,000. Inabaki 5,994,000. Hiyo ndiyo "kama milioni sita" yake.

Kosa liko kwenye 75. Ripoti ya benki inasema jengo milioni 60, kiwanja milioni 15. Bima ya nyumba haikingi kiwanja. Upepo hauchukui kiwanja, na moto ukiteketeza kila kitu kiwanja chako cha Mtanda kitabaki pale pale. Thamani inayolinganishwa na bima ni ya jengo peke yake. Rudia hesabu: 45 kwa 60 ni asilimia 75. Ile 11,100,000 inakuwa 8,325,000. Toa asilimia 10, yaani 832,500, unabaki na 7,492,500. Tofauti na yake ni 1,498,500. Dari yako ya jipsamu iko humo.

Mwandikie hesabu hiyo kama nilivyoiweka, kwa tarakimu, na uambatanishe ukurasa wa ripoti ya tathmini unaotenganisha jengo na kiwanja. Mwambie tu kwamba kiwango alichotumia kimejumlisha kiwanja, unaomba akirekebishe. Kosa la namna hii ni la kawaida, mtu kachukua jumla ya chini bila kusoma mistari ya juu, na likionyeshwa kwenye karatasi ni vigumu mtu mwenye leseni kulitetea.

Kuna hatari moja lazima uijue kabla hujaituma. Ile milioni 60 ni thamani ya benki kwa wakati ule. Mikataba mingi huangalia gharama ya kulijenga jengo hilo siku ya hasara, na saruji na nondo za leo si za wakati mnakopa. Anaweza kukujibu kwamba kulijenga leo ni milioni 68, na uwiano ukashuka tena. Akifanya hivyo, mwombe aonyeshe hesabu hiyo imefanywa na nani na kwa vipimo gani. Tathmini mpya usiiombe wewe, waache walioshikilia namba ya benki waishikilie, ila waisome vizuri. Ubishi ukifika mbali, mkadiria majenzi aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa kupima gharama za ujenzi, anaweza kukupimia nyumba kwa malipo, lakini kwa tofauti ya milioni moja na nusu piga kwanza hesabu kama ada yake haitakula faida yote.

Mkataba kamili ukikufikia, tafuta mambo mawili. La kwanza, kama malipo ni kwa thamani ya mali ilivyokuwa siku ya hasara au kwa gharama ya kuweka kipya. Ikiwa ni thamani ya siku ile, wanaweza kukata uchakavu wa bati la 2011, na hesabu yangu hapo juu itashuka. Kama yeye hajalitaja mpaka sasa, usimkumbushe. La pili ni muda. Mikataba mingi ya moto ina kifungu kinachosema kampuni haiwajibiki tena miezi 12 ikipita tangu hasara, isipokuwa dai liwe tayari mahakamani au kwenye usuluhishi. Hasara yako ni ya Aprili. Ukikikuta kifungu hicho, tarehe hiyo ya mwakani iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu.

Mume wako anasema mchukue sita. Namwelewa. Mfanyabiashara wa korosho anajua hela ya mkononi kabla ya mnada ina thamani yake. Ila hakuna aliyewapa hiyo sita bado. Ni maneno ya kwenye simu, ya mtu asiyelipa. Ofa halisi itakuja na ile fomu ya kukubali malipo ambayo maofisa wa bima huiita DV. Ukiisaini ikiwa imeandikwa kwamba ni malipo kamili na ya mwisho, umefunga mlango, na hata kosa la kiwanja hutaweza kulirudia. Mnachoweza kuomba sasa hivi, na nashauri mkiombe kwenye barua hiyo hiyo, ni malipo ya awali kwa sehemu ambayo haibishaniwi. Wao wenyewe wanakubali karibu milioni sita. Basi watoe hiyo, iandikwe kwamba ni sehemu ya malipo, na kilichobaki kiendelee kujadiliwa. Kampuni nyingine hukubali, nyingine hukataa. Kuomba hakukupunguzii kitu.

Kabla ya kusaini chochote, uliza hundi itaandikwa jina la nani. Nyumba ikiwa dhamana, benki kwa kawaida imeandikwa kwenye mkataba kama mwenye maslahi, na malipo yanaweza kwenda kwao yakakatwa kwenye deni badala ya kurudi kwenye dari. Nenda tawini mapema, ukiwa na risiti za Agosti, uombe barua inayoruhusu fidia itumike kwa ukarabati. Benki ina sababu ya kukubali, dhamana yake ikinyeshewa inaoza. Ukiwa hapo hapo waambie na wao wasukume. Ndio waliouza bima hii, kamisheni wamepata, na kampuni ya bima inaogopa kumkera wakala anayewaletea wateja wa mkoa mzima kuliko inavyoogopa barua ya mwalimu mmoja.

Swali la kwa nini benki iliandika milioni 45 bila kuwaeleza madhara yake ni halali kabisa, lakini usilichanganye na hili. Dai moja kwa wakati.

Yule kijana wa moja ya tano ni kishoka. Asilimia 20 ya 7,492,500 ni karibu milioni moja na nusu, yaani tofauti yote tuliyoitafuta hapo juu inaingia mfukoni mwake kwa kazi ya kupiga simu. Usimpe nakala ya faili lako wala ya kitambulisho.

Ukipita muda uliowapa bila jibu, au wakijibu kwa kuzungusha, usirudie barua ya pili na ya tatu kwa watu wale wale. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, mwendo wa basi la asubuhi na unarudi jioni. Nenda na nakala ya barua yenye muhuri, orodha ya nyaraka ulizowasilisha na tarehe zake, na meseji ulizohifadhi. Wao ndio wanaowapa leseni kampuni na mkadiria, na simu moja ya kutoka ofisi hiyo huwa inapokelewa haraka. Kama ubishi unabaki kwenye kiasi, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kisheria kwa ajili ya watu kama wewe wasio na hela ya wakili. Huduma yake ni bure. Masharti ni kwamba uwe umeshalalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, na kuna kikomo cha kiasi anachoweza kukiamua, ambacho kwa dai la ukubwa wa lako sioni kama kitakusumbua. Mahakama ipo, lakini sioni kwa nini ufike huko kwa hesabu inayoonekana kwa kikokotoo cha simu.

Kuhusu umbali, kwa haki nitawasemea kidogo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya kwenda Dar maeneo ya Somanga, hata mwenye nia njema asingefika huku kwa gari. Ila barabara ikipitika, hiyo si sababu. Kama anahitaji kukagua tena, mpe tarehe mbili za kuchagua, fundi wako awepo, na umwandalie ngazi.

Dari msiisubiri fidia kama mvua za msimu zinakaribia na mna uwezo wa kuziba hata chumba kimoja cha watoto. Piga picha kabla, wakati na baada, chukua risiti yenye jina la duka. Ikiwa fundi hana risiti, mwandikie hati ya makubaliano asaini na shahidi.

Na bima ya mwaka unaokuja itakapokaribia kukatwa, msisubiri meseji. Nendeni benki muombe kiasi kipandishwe kifikie gharama ya kulijenga jengo leo, bila kiwanja, na mpewe mkataba wote. Ulizeni pia kuhusu bima ya sasa: baada ya kulipa dai, kampuni nyingi hupunguza kiasi cha bima kwa hela iliyolipwa mpaka uongeze malipo kidogo kukirudisha. Mkilipwa milioni saba na nusu, ile 45 inaweza kuwa imebaki kama 37 na nusu bila ninyi kujua, na upepo mwingine ukija kabla ya kukirudisha mtahesabiwa kwa hiyo.

Mzee Mshauri